Saini Ishirini na Moja

Wenyewe waliiita bwawa. Ilikuwa mashine ya kimo cha kabati la vyombo, yenye diski kumi na mbili zilizounganishwa zikawa hifadhi moja, nayo ilikaa chumba cha nyuma cha maktaba ya sauti, ikipulizwa na kiyoyozi kizuri kuliko cha mkurugenzi. Mle bwawani mlikuwa na sauti za watu wa kazi za mikono: wakunga, wafua bati, mafundi saa, watu waliowahi kuketishwa mbele ya kipaza sauti wakaeleza walivyofanya kazi zao. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kanda zao za mwanzo ziliota ukungu zikatupwa.

Kila baada ya miezi minne bwawa lilisuguliwa. Si kwa maji wala brashi. Mashine ilisoma kila faili mwanzo hadi mwisho na kuilinganisha na namba yake, ile iliyopewa siku ilipowekwa. Maana diski zina tabia mbaya: haziungui, hazitoi moshi, hazipigi kelele, zinasahau tu. Herufi hapa, herufi pale, na uso mkavu kabisa, kama shahidi wa uongo. Namba ikikataa, mashine huiuliza diski pacha, huchukua jibu lililo sahihi, hutibu, maisha yanaendelea. Pacha zote mbili zikidanganya, hapo ndipo mtu hutafuta kiti.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Mama Diski alitafuta kiti.

"Shemeji," akaita, "njoo uone msiba."

Mama Diski ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwawa. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, naye hakulikataa. Aliyeitwa alikuwa kaka wa mumewe, mtu mzima mwenye mvi waliyemwita Taratibu. Alishawahi kuchochea makaa melini, kuendesha mitambo ya sinema na kutengeneza lifti, na kote huko aliondoka kabla hawajamwondoa. Hapa alikuwa ametulia miaka minne, kwa kuwa Mama Diski alimsemea kwa mkurugenzi: "Ni mvivu kidogo, lakini hadanganyi."

Taratibu aliingia na kikombe chake cha chai. Skrini ilikuwa nyekundu juu hadi chini.

"Faili mia mbili na sita," Mama Diski akasema. "Bwawa limeshindwa kujitibu. Ile RAM, kile kibao cha kumbukumbu nilichokichomeka mimi mwenyewe miezi mitatu iliyopita, ni mbovu. Kila kinachopita humo kinatoka kimeng'atwa."

"Si una nakala kwenye diski nyekundu?"

"Sikiliza hiyo nakala."

Akabonyeza. Sauti ya mkunga mmoja ikajaa chumbani: "Mtoto akija na miguu, usimfokee mama yake, wewe kwanza..." Halafu krrrrr, kama mtu anayetafuna changarawe.

"Kila Ijumaa nimenakili upya, kwa mikono yangu hii," Mama Diski akasema. "Wiki kwa wiki naweka ubovu juu ya uzima, tena kwa bidii! Ningekuwa mvivu kama wewe, shemeji, zingepona."

Taratibu akacheka. Kisha akaacha, akakitua kikombe mezani.

Maana kulikuwa na diski ya pili, ya bluu, na hiyo ilikuwa ya kwake. Kila Ijumaa mchana alitakiwa aichomeke, anakili bwawa zima, kisha aende nayo nyumbani, ili jengo likiungua nakala moja iwe mbali. Kazi yenyewe ni saa tatu za kukodolea macho mstari unaotambaa kama konokono. Na saa hizohizo fundi viatu wa ng'ambo ya barabara hutandika drafti. Ijumaa ya kwanza Taratibu alijiambia atanakili Jumatatu. Ya pili akajiuliza, kwani mle ndani kimebadilika nini? Sasa Ijumaa zilikuwa zimefika ishirini na moja, diski ililala kwenye droo ya soksi, na katika daftari la zamu kulikuwa na saini ishirini na moja, nzuri, zenye mikia, mbele ya neno "Imenakiliwa".

"Na ile ya bluu?" akauliza, kama anayeulizia mvua.

"Ya bluu imepita kwenye RAM ileile. Saini yako si hii, ya juzi Ijumaa?" Mama Diski akaligonga daftari kwa kidole. "Kailete niifute, tuanze upya na kilichobaki. Mimi namwandikia mkurugenzi. Nitaondoka kabla sijaambiwa."

"Uache kazi kwa ajili ya RAM?"

"Kwa ajili ya watu mia mbili na sita, shemeji."

Nyumbani kwa Taratibu ni mwendo wa dakika tano. Siku hiyo alitumia ishirini. Aliporudi aliikumbatia diski kama yai.

"Usiifute kwanza," akasema. "Ijaribu. Huenda ina bahati."

"Diski haina bahati, ina namba."

"Droo yangu ina ubaridi fulani hivi..."

"Shemeji, leo si siku ya utani. Lete."

Mama Diski akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Skrini ikauliza kama afute vyote. Kidole chake kikashuka.

"Sikunakili!"

Kidole kikasimama hewani. "Ijumaa gani?"

"Hii."

"Moja haisaidii kitu."

"Na iliyotangulia. Na..." Taratibu akatazama viatu vyake. "Zote. Sijaigusa miezi mitano. Tangu RAM yako ikiwa bado dukani."

"Na saini?"

"Naziweka nikiwa njiani kwenda kwenye drafti."

Mama Diski aliondoa kidole taratibu, kama mtu anayemwacha nyoka apite, akaanza kulinganisha namba. Ya kwanza ikakubali. Ya pili. Ya kumi. Akabonyeza faili ya mkunga: "...usimfokee mama yake, wewe kwanza mkalishe baba mtoto chini, maana huyo ndiye atakayezimia."

Mama Diski akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akayafuta, akageuka.

"Nilimwambia mkurugenzi hudanganyi."

"Najua."

"Miaka minne nalirudia neno hilo, kila akikuulizia."

"Najua, shemeji." Hakuwa na utani hata mmoja wa kujifunika.

"Barua nitaiandika vilevile. RAM yangu itakuwemo na saini zako zitakuwemo. Akitufukuza, atufukuze wawili." Akamsukumia daftari na kalamu. "Kaa hapo. Mbele ya kila saini andika: Sikunakili, nilikuwa nacheza drafti."

Taratibu akakaa, akaandika. Namba nyuma yake zilikuwa zikikubali moja baada ya nyingine. Alipofika mstari wa sita akanyoosha vidole, akainua uso.

"Shemeji, kuanzia hapa siwezi kuweka vile vialama viwili vya 'kama hapo juu'?"

"Andika."