Kalamu Nyekundu Wodini

Mwandishi alikuwa na ugonjwa mwingine mbali na ule wa figo: hakuweza kusoma bila kalamu nyekundu. Hata wodini, mkono mmoja ukiwa umefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, wa pili ulikuwa kazini.

Mhariri wa jarida alikuwa amemwomba makala kuhusu kuishi na maradhi, naye akaanza kwa kusoma waliomtangulia. Lo! Wote mashujaa, wote wanatabasamu, hakuna hata mmoja aliyewahi kutapika. Katika toleo lililokuwa likizunguka wodini akakuta mama mmoja, jina limefichwa, akisema, "Mashine ni rafiki yangu." Akaikata sentensi hiyo na pembeni akaandika: Uongo mtupu.

Makala yake ingekuwa kweli tupu, na tayari ilikuwa kwenye simu, bado kutumwa tu. Tatizo ni kwamba mama yake mzazi hakosi toleo hata moja, na hakujua kuwa mwanawe anaumwa. Acha asome, mwandishi alijiambia, maandishi hayatetemeki sauti.

Akalipitisha jarida hadi kiti cha jirani, kama ilivyo ada yao. Pale alikaa Mama Soksi, aliyeitwa hivyo kwa kuvaa jozi mbili kila mashine inapomtia baridi. Alisoma, akaguna.

"Mwalimu, naona umenisahihisha."

Mwandishi alitamani ardhi ipasuke. "Kumbe ni wewe? Nisamehe, mama, sikujua."

"Mbona hujakosea! Hili dude silipendi hata kidogo. Ila kabinti kangu kalikuwa hakalali, kanadhani nikija huku sirudi. Ndiyo nikawaambia waandike hivyo."

"Na ukweli je?"

"Ukweli nakapa mwenyewe, kidogo kidogo, nimekapakata. Mtoto hapewi habari za mamake na muuza magazeti."

Mwandishi aliona haya. Kumbe kweli yote ile aliyojivunia ilikuwa woga uliovaa nguo za Jumapili. Hakuituma makala. Akapiga simu.

"Mwanangu! Leo umenikumbuka mchana?" mama yake akafurahi. Papo hapo mashine ikaanza kulia, na muuguzi akaja mbio kuinyamazisha.

"Huko kazini kwenu kuna nini kinacholia hivyo?"

"Siko kazini, Mama," akasema, na sauti ikatetemeka.