Tarehe Kumi na Saba Novemba

Kila mwaka, ikifika tarehe kumi na saba Novemba, Elinipa alifunga nyumba yake ya Kikwe alfajiri, akapanda gari kwenda King'ori, akarudi jioni. Akiulizwa, alisema anakwenda kumwona mgonjwa. Miaka nenda miaka rudi mgonjwa yule hakupona wala hakufa, na mdogo wake Sumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Arusha, hakuwahi kudadisi.

Mwaka tisini na saba mvua za El Nino zilikuwa zimepamba moto. Alipofika Maji ya Chai alikuta mto umepanda juu ya daraja, magari yamesimama pande zote mbili. Alingoja mpaka saa tano, akakata tamaa, akarudi nyumbani.

Alisikia trekta kabla hajaliona. Nusu ya migomba ilikuwa chini, na mibuni ya marehemu baba yao imeng'olewa, imesukumwa mferejini. Nyumba ilibaki ukuta mmoja, wa jikoni. Vyombo vyake vilipangwa vizuri kando ya njia, vimefunikwa turubai. Sumari alisimama hapo na mwavuli, pamoja na mtu wa kampuni ya maua.

"Shikamoo dada," alisema kwa sauti ndogo.

Elinipa aliinua ncha ya turubai, akavitazama vyombo vyake.

"Kahawa haina bei tena, dada. Hata dawa ya mibuni siku hizi tunajinunulia wenyewe. Na baba shamba aliniandikia mimi. Nimekujengea chumba Olasiti, kina umeme."

"Kwa nini leo?"

Sumari alitazama matope. "Nilijua leo huwa hupo. Sikutaka uone."

Elinipa aliketi juu ya kinu kilicholazwa chini. Akamweleza kwa Kimeru, polepole, huku trekta likiunguruma. Tarehe hiyohiyo, mwaka hamsini na moja, serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Yeye alikuwa na miaka kumi, amembeba Sumari mgongoni. Askari walitoa vyombo nje, wakaichoma nyumba. Mama yao alikuwa mjamzito wa miezi minane. Alijifungulia King'ori walikopelekwa, chini ya ngozi ya ng'ombe. Mtoto wa kike, akaishi siku tatu, akazikwa hukohuko.

"Huyo ndiye mgonjwa wangu," alisema. "Mama aliniachia nimwangalie. Wewe alikataza uambiwe. Alitaka mmoja wetu akue bila kulibeba jambo lile."

Sumari alimkimbilia dereva, akampungia asimame. Dereva alizima mashine, akamtazama mtu wa kampuni. Yule alitoa karatasi ya mauziano kwenye bahasha, akamwonyesha Sumari sahihi yake mwenyewe. Mashine ikawashwa tena, na ukuta wa jikoni ukaanguka.

Elinipa hakwenda Olasiti. Alihamia Makumira kwa binamu yake Tabea, akapewa chumba cha uani, akaanza kununua ndizi sokoni kama mgeni. Sumari alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Alipewa chai, akainywa, akaaga.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata Elinipa alipata kibarua cha kukata maua katika shamba lilelile la Kikwe. Siku ya kwanza msimamizi, mama mmoja wa Kichaga aitwaye Fransiska, alimwuliza kama ataweza kutembea kutoka mbali kila asubuhi.

"Njia naijua," alijibu Elinipa, akavaa glavu.

Sumari aliposikia habari hiyo, aliacha kuja.