Aliyepewa Kaunta

Kidomodomo apewe kaunta, mimi nibaki na pasi? Hapo kulikuwa na mkono wa mtu. Nilimwambia mume wangu hivyohivyo, naye akauliza mkono wa nani. Wanaume bwana!

Tulihamia nchi hii pamoja na huyo Kidomodomo, tukaanza kazi siku moja kwenye duka la kufulia nguo. Lugha ya wenyeji anaibahatisha tu. Mteja akilalamika, yeye anacheka. Mimi ndiyo kabisa, siijui. Nikifungua mdomo mbele ya mwenyeji, kijasho chembamba kinanitoka na maneno yote yanapotea. Lakini kaunta niliitaka jamani. Mvuke wa pasi umenichubua mikono, na daktari ameshanionya niachane nao.

Nikaanza kuwachunguza. Meneja akinong'ona na msaidizi wake, mimi natega sikio huku nakunja mashuka. Nilipochoka kuvumilia nikamvaa meneja ofisini kwake, hata hodi sikupiga.

"Umempa kaunta kwa sababu anakuletea umbea!" nikamwambia. "Unadhani sisikii? Jana pale kwenye ngazi umemwambia msaidizi wako, yule wa pasi anafanya kazi ya watu watatu, tukimtoa nyuma tumekwisha. Mkacheka. Na lile koti la yule mama, mmemwambia lilikuja limechanika, wakati mashine yenu ndiyo imelila!"

Meneja alivua miwani, akaiweka mezani.

"Umejifunza lini kuongea lugha yetu hivi?"

"Siijui!" nikafoka. "Nani kakwambia naijua? Usinibadilishie mada."

"Dada, mwezi uliopita nilimwita kila mmoja wenu hapa, nikamuuliza kama anaweza kuongea na wateja. Mwenzako akasema anaweza. Wewe ukasema hujui hata salamu. Niliuliza mara mbili."

Nilikumbuka. Nilikaa kwenye kiti cha mbele ya meza yake, nikiamini ananitega ili anicheke. Na sikuwa nimemdanganya. Siku ile hata salamu sikuwa nayo kichwani.

"Sasa ungetaka nifanye nini?" akauliza. "Nilikuamini."

Nikamkazia macho usoni nikitafuta uongo, maana lazima ungekuwepo mahali. Sikuuona. Nikasema samahani, kwa lugha yao, nikarudi kwenye pasi.