Maneno ya Mama wa Langoni

Katika soko lote la Tawa hakuna aliyesifiwa kwa Kihindi kama mzee Mbaluka, na Mbaluka hakujua Kihindi. Alijua kusema chai, basi, na tusi moja alilotukanwa na kontrakta Mhindi zamani akiendesha greda ya barabara. Tangu astaafu, kila siku ya soko alisimama kando ya televisheni katika banda la video la Kaloki, maikrofoni mkononi, akiwatafsiria watu filamu. Banda lilipakana na posho mill, na mashine ikianza kusaga hata Mhindi mwenyewe hangesikia Kihindi. Walimsikia Mbaluka tu. Akiulizwa alijifunzia wapi, alisema njaa fulani ilimbana akala kamusi nzima, na jalada akalitowelea chumvi.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kijana aliyefukuzwa nyumbani na mama yake. Anazunguka dunia, anapiga watu, anaimba milimani, halafu anarudi. Mama amezeeka, anatoka langoni akipapasa ukuta. Mama anasema kitu kifupi, kijana anajibu kwa kifupi, mama anamletea maji, na filamu inaisha. Hapo ndipo Mbaluka alipojimwaga. "Mwanangu," angesema kwa sauti nyembamba, "mito imejaa na kukauka, na mimi bado nimesimama hapa," hadi wauza nyanya wafute macho kwa leso. Siku nyingine mama aliapa kwa nyota, siku nyingine kwa maziwa aliyomnyonyesha. Ilitegemea Mbaluka amekula nini mchana.

Siku moja watu walipotoka, mama mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa Kaveke, muuza maparachichi kutoka milima ya Mbooni.

"Mzee, huyo mama wa mwisho alisema aje hasa?"

"Si nimesema? Ama ulikuwa umelala?"

"Sikulala. Leo umesema mito. Soko lililopita yalikuwa maziwa. Mimi nataka yale yenyewe."

"Ya nini?"

Kaveke alilikunja gunia lake, akalikunjua. "Mutie anakuja Jumapili."

Habari za Mutie zilijulikana mlima mzima. Baba yake alipofariki, kijana aliikata miparachichi ambayo marehemu aliipandikiza kwa mkono wake, akachoma makaa. Kaveke alisimama kwenye ule moshi, majirani wakisikia, akasema mwanawe asikanyage boma lile mpaka visiki vizae. Neno kama hilo likitoka kwa mama, Wakamba huliita kiumo, laana ya mzazi, na hakuna anayelichekea. Mutie alihamia Matinyani kule Kitui kufyatua matofali. Kila alichoshika kilimponyoka, na aliamini anajua sababu.

"Wazee wa zamani wangejua la kufanya," Kaveke alisema. "Lakini wangetaka pombe na damu ya mbuzi, na mimi ni mtu wa kanisa. Mchungaji ameniambia niombe, nimeomba. Ila hayo maneno yalitoka mdomoni, mzee, na nikifungua mdomo vibaya nitaongezea mengine. Huyo mama wa filamu alimfukuza wake, tena akampokea. Nipe maneno yake nikariri."

Mbaluka alikuwa mtu wa kusimulia jinsi alivyomlaza chatu kwa greda akawa kona ya barabara ya Mbooni, na jicho lisipepese. Sasa aliombwa ukweli mmoja tu, na ghalani hakuwa nao.

"Nipe hadi kesho," alisema. "Kihindi cha pale ni cha ndani sana."

Alikwenda moja kwa moja kwa Deqa, mke wa Muktar mwenye duka la vitambaa. Deqa alilelewa Garissa kwa filamu za Kihindi na aliielewa lugha hiyo kama Kisomali cha mama yake. Kwenye banda alikaa benchi la nyuma, na watu wakilia yeye alicheka ndani ya shela. Ndiyo maana Mbaluka alikuwa akimkwepa.

"Mama Leyla, wewe unajua Kihindi."

"Si kama wewe, mzee. Mimi sikumeza kamusi."

"Usinimalize. Yule mama wa langoni anasema nini?"

Deqa alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. "Anauliza, 'Ni nani?' Kijana anajibu, 'Mpita njia.' Mama anamwambia, 'Mpita njia, ingia unywe maji.' Basi."

"Hamsamehi?"

"Hamjui. Amekuwa kipofu kwa kulia. Mimi hulia nikifika nyumbani, mzee. Pale bandani nacheka kwa sababu yako."

Mbaluka alikaa juu ya robota la vitambaa. Angempelekea Kaveke nini? Mama asiyemjua mwanawe? Lakini filamu ile alikuwa ameitazama miaka mingi bila masikio. Hakuwa na la kushika ila nyuso na mikono, na kulikuwa na kitu kwenye mikono ile kilichomsumbua tangu zamani.

"Unayo kwenye simu? Weka pale mwisho. Zima sauti."

Walitazama, vichwa vimeinama juu ya kaunta.

"Ona rafu. Gilasi za wageni zimepangwa. Mkono wake unazigusa, unazipita zote, unashuka chini. Anachukua kikombe hicho, kimebonyea. Sasa rudisha mwanzo kabisa."

Mwanzo kabisa mtoto mdogo alikuwa akikigonga kikombe kile kile ukutani, baba yake akicheka.

Deqa alirudia mwisho, akarudia tena. "Huyu mwanamke anajua," alisema polepole. "Nimeiona tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nasikiliza tu."

"Na mbona asimwite mwanangu?"

"Si aliapa? Akimfukuza, anaapa kwa jina la mumewe kwamba mwanawe hataingia tena mlango ule. Ah, lakini hapo wewe husema anamkumbusha kubeba sweta."

Mbaluka aliikubali ya sweta bila kujitetea. "Kwa hivyo mwana hawezi kuingia."

"Mpita njia anaweza," Deqa alisema.

Kesho yake Mbaluka alipanda bodaboda hadi Mbooni, akamweleza Kaveke kama alivyoona, bila kuongeza chumvi. Ilimchosha kuliko ule mlima.

"Hiyo tu?" Kaveke aliuliza. "Mito hakuna?"

"Mito ni yangu."

"Na maziwa?"

"Maziwa pia."

Kaveke aligeukia visiki. Vilikuwa vimechipua majani, lakini majani si matunda.

"Nilimkataza mwanangu," alisema. "Mgeni sikumkataza."

Jumapili baada ya kanisa Mbaluka alijipata kwa Kaveke, akidai amekuja kuangalia miche. Mutie alitokea kwenye kijia cha mteremko, viatu mkononi, vumbi jekundu la matofali bado kwenye kucha. Alisimama nje ya lango na hakusogea.

"Mwaitu," alisema. Mama.

"Wewe ni nani?" Kaveke aliuliza.

Uso wa kijana ulisawijika. Alimtazama Mbaluka kama anayeomba shahidi. Mbaluka alikuwa na mito na nyota na maziwa, vyote vimejaa mdomoni. Aliuma ulimi.

"Si mtu," Mutie alisema mwishowe. "Ni mtu wa Matinyani tu. Napita." Akaanza kugeuka.

"Mtu wa Matinyani, jua ni kali. Ngoja unywe maji."

Aliingia nyumbani, gilasi zikasikika zikisukumwa kando. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bati kilichovunjika mkono, ule mkono ukiwa umefungwa waya. Waya huo aliufunga baba yake Mutie, mtoto akiwa hajaanza shule na akikataa kunywea kikombe kingine. Kaveke alisimama nacho katikati ya uwanja. Hakukipeleka langoni.

Mutie alikitazama. Kisha aliviweka viatu chini, akavuka lango, akakishika kwa mikono miwili. Alikunywa maji yote bila kupumua.

"Mgeni," Kaveke alisema, "utalala ama una haraka?"

"Nitalala."

"Basi kesho utanichimbia mashimo. Kuna miche hapa inangoja mtu."

Soko lililofuata, mama wa filamu alipofika langoni, Mbaluka alishusha maikrofoni.

"Mzee, tafsiri," wauza nyanya walilalamika. "Anasema nini?"

"Nyamazeni mtazame kikombe."

Kwenye benchi la nyuma, Deqa hakucheka. Alianza kucheka baadaye, watu walipomzunguka Mbaluka nje ya banda akiwasimulia kijana mmoja wa Mbooni aliyekunywa maji kwa mama yake hadi kisima kikakauka, na vyura wakahamia Matinyani kwa miguu.