Nyundo Juu ya Dhahabu

"Ukiligonga hili jiwe, mimi na wewe basi!"

"Sasa nitajuaje ni nini bila kuligonga?"

"Si linang'aa! Huoni? Dhahabu hii!"

"Hata sufuria yako inang'aa, Agripina. Nayo dhahabu?"

Mashauri alikuwa amepiga magoti sakafuni, nyundo mkononi, na mkewe amelipakata lile jiwe kama kichanga. Mashauri aliliokota Jumapili msituni, huko Märsta, nje ya jiji la ughaibuni wanakoishi. Kufika Jumatatu, Watanzania wote wa mtaa wao wa Vårby gård walishasikia kwa Agripina kwamba umaskini umekwisha.

Lakini kulikuwa na Nilsson, mkubwa wa kikosi cha kutafuta madini. Alimwambia Mashauri, mfagizi wa ofisi yake, waziwazi: niletee jiwe uliloliokota mwenyewe, unitajie jina lake. Ukipatia, tunakwenda wote kaskazini kutafuta madini. Ukikosea, rudi kwenye ufagio wako. Na siku yenyewe ndiyo leo.

"Kwetu Geita dhahabu haiaminiwi kwa macho," Mashauri akasema. "Inapigwa. Ikiwa yenyewe, inalala bapa kama chapati. Lete, mama."

Akamnyang'anya, akabandua kipande, akakishindilia nyundo. Kikawa unga.

"Umeiua!" Agripina akashika kichwa.

Mashauri akaukodolea macho ule unga. Hee, ndiyo ile dhahabu ya uongo wanayochekana nayo Geita? Akachomoa kisu, akalikwaruza jiwe. Kisu kikaingia! Ile ya uongo haiingii kisu, ngumu kama roho ya msimamizi wake wa kazi. Akachukua kigae kilichobaki bafuni, akakigeuza nyuma, upande mkavu usiong'aa, akasugua jiwe pale. Ukatoka mstari mweusi wenye ukijani, sawasawa na ule aliowahi kuchorewa na Samwiri, Mganda aliyefanya kazi machimbo ya Kilembe.

Mashauri akaruka nusura apige taa kichwa.

"Shaba! Agripina, mawe ya shaba haya, kama ya Kilembe! Nimelijua mwenyewe!"

"Shaba?" Agripina akasimama, mikono kiunoni. "Nimeshamwambia Paskalia ni dhahabu! Ameshashona gauni la sherehe!"

"Alivae hivyohivyo. Mumeo anakwenda kutafuta madini!"

"Na wakiniuliza?"

"Waambie shaba."

"Wataniacha nipumue, wale? Mashauri! Nakuuliza wewe!"

Mashauri alishalitia jiwe mfukoni, koti limelemea upande mmoja, anacheka peke yake. Akageuka, akashika njia ya stesheni, kwenda kwa Nilsson.