Bei ya Kukimbia

Casimir hakuwa fundi wa kuulizwa bei akaitoa hapo hapo kama anayetema mate. Mteja akifika kibandani kwake mtaani Katuba kuulizia sakoshi, mkoba wa ngozi, kwanza alimwekea mikononi, akamwacha aifungue, aifunge, apitishe vidole ndani mpaka kwenye pembe. Wakati huo yeye yumo kichwani mwake anajumlisha: ngozi, uzi na nta, vifungo vya shaba, na siku alizoinama mpaka mgongo ukalia. Juu ya yote aliongeza kipande cha maneno, maana mtu akinunua bila kubishana hurudi nyumbani akijiona mjinga. Kipande hicho alikiachia polepole, kwa kuguna, kama anayeng'olewa jino. Zaidi ya hapo, chukua au acha. Ufundi ulikuwa huo. Kushona tu hata mvivu hufundishika.

Basi ukaja mwaka wa sitini na moja. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ina bendera yake na pesa zake, na watu wa asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Baba yake Casimir alikuja kujenga reli, akazikwa hapa hapa Elisabethville. Kasai yenyewe Casimir aliijua kwa kuhadithiwa. Lakini nenda kamweleze hayo kijana mwenye kibiriti mkononi. Asubuhi moja nyumba tatu za mtaani ziliungua, na vijana wakaondoka wakisema watarudi jioni kumalizia.

Wakasai wenzake wote walikuwa wamekwisha kukimbilia kambini, ng'ambo ya mji, kwa askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Casimir naye angekwenda kwa miguu, tena mbio. Ila mama yake, mama Madeleine, alikuwa amelala kwenye mkeka na nyonga iliyovunjika, hawezi hata kuketi. Humbebi mtu wa hivyo mgongoni na kupita naye kwenye vizuizi vya barabarani.

Aliyekuwa na gari ni Bwalya, muuza makaa, na kamioneti yake kuukuu.

"Falanga elfu moja, weye na mama," Bwalya alisema. "Bakinikuta na Bakasai mu kamioneti, banaiunguza, na miye ndani. Minangoja mupaka jua ishuke kiloko, kidogo tu. Kisha minaenda."

Casimir alitaka kumtukana, akaacha. Angekuwa yeye, angepiga hesabu ile ile.

Ndani ya nyumba hamkuwa na hata mia. Kilichokuwamo ni sakoshi moja kubwa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, iliyoagizwa na Laurent, karani katika serikali mpya. Laurent alikaa mtaa wa pili. Kila Jumapili baada ya misa walikuwa wakinywa bia pamoja. Walikuwa wamepatana elfu moja na mia mbili. Casimir akaikumbatia sakoshi na kupita nyuma ya vyoo vya watu mpaka kwa rafiki yake.

Laurent alimpokea vizuri, tusimsingizie. Alimwingiza ndani upesi, akafunga mlango, akampa kiti. Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea mfukoni. Na hapo Casimir, mtu aliyekula mkate miaka kumi na mitano kwa kujua lini anyamaze, akafungua mdomo.

"Tulisikilizana elfu moja na mia mbili, ndugu yangu. Lakini ukinipa sasa hivi, leta elfu moja."

Sakoshi ilikuwa bado mapajani mwake. Laurent hajaigusa wala kuguna. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

"Mbona unapunguza? Miye sikuomba."

Casimir aliibana sakoshi mapajani. Fundi anayepunguza kabla ya kuombwa amekwisha kusema anakimbia, na katika siku zile kila mtu mjini alijua bei ya kukimbia inavyokwenda. Asubuhi cherehani ilikuwa nusu bei, mchana robo, jioni unaiokota uani mwa mtu aliyeondoka.

Laurent akaichukua sakoshi, akaigeuzageuza. "Hapa ngozi iko na kovu."

"Mia nane."

"Na hii kifungo iko nguvu kufunga, inakataa."

"Laurent, ni mama. Mama Madeleine. Unamujua."

"Minamujua, ndugu. Lakini banasema mupaka kesho Bakasai bote banaenda. Bintu byabo byote bitabakia huku." Alisema bila ubaya, kama mtu anayejua nyanya hushuka bei jioni. Hilo ndilo lililomchoma Casimir kuliko tusi.

Germaine, mke wa Laurent, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. "Mupatie kitu, aende," alisema bila kumtazama mgeni. "Batamuona hapa kwetu."

Wakampatia mia nne.

Bwalya alikuwa amekwisha kuwasha injini mbele ya nyumba ya Casimir. Alizitazama zile noti, akatikisa kichwa. Upande wa kanisani moshi mpya ulikuwa unapanda.

"Mama peke yake basi," Casimir alisema. "Miye nitapita kichakani."

"Mama peke yake, mia saba. Muzee wa kuvunjika atalia mu njia, batasikia."

Ulimi hauna mfupa. Casimir alishika dirisha la gari kwa mikono miwili na maneno yakamtoka yenyewe, mbio mbio.

"Hatalia. Unamujua basi, Bwalya! Iko mifupa tu, haina uzito. Muguu imekufa, macho haione. Ata bakimukuta, nani atahangaika na muzee kama ule? Hatakaa sana. Mwaka hii haitaisha. Beyi ya muntu muzima ni ya nini kwa ule?"

Bwalya alikuwa anatazama nyuma ya Casimir, kwenye mlango wa nyumba, ambao haukuwa mlango bali gunia lililoning'inia, hatua chache tu kutoka pale.

"Leta mia nne, na mama," alisema kwa sauti ndogo.

Wakamtoa mama na mkeka wake, wakamlaza katikati ya magunia ya makaa. Alikuwa mzito. Aliuma kitambaa chake na hakulia hata walipomgongesha kwenye ubao. Casimir alipoinama kumfunika, mama akamshika ukosi wa shati.

"Yote ulisema iko kweli, mutoto wangu," mama Madeleine alimwambia. "Lakini ungeenda kusemea kule mbali kiloko."

Casimir alitaka kusema ilikuwa ni bei tu, maneno ya sokoni. Bwalya akavuta turubai. Kamioneti ikaondoka, naye akabaki katikati ya njia akilia kwa sauti, mtu mzima, na vijana wa asubuhi walikuwa wamekwisha kusikika mwisho wa mtaa.