Safu ya Tatu

Kila taa aliyoipandisha, Eulalio aliisikilizia. Aliibana chini ya mfereji wa bati ulioning'inia darini, akakaza skrubu, akaiachia polepole kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kusimama, kisha akatega sikio. Mfereji huo, uliobeba nyaya zote za safu, ulishikwa na vyuma vyembamba vilivyoshuka kutoka kwenye zege.

"Fundi, unafunga taa au unaziungamisha dhambi?" aliuliza Obdulia, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake.

Wanawake waliokuwa kwenye cherehani waliangua kicheko. Nieves, binti yake Eulalio, aliyekuwa akishona makola chini ya safu ya tatu, alijiinamia. Mwenye kiwanda alikataa kusimamisha kazi kwa ajili ya taa. Sare za shule za mji mzima wa Puebla zilikuwa zikisubiriwa.

Kilichomsumbua Eulalio ni Sikukuu ya Msalaba iliyokuwa imepita. Siku hiyo mafundi wa ujenzi hupandisha msalaba wa maua juu ya jengo, padre akaubariki, mwenye jengo akatoa nyama na pombe ya mkonge. Fataki zilipolia, Eulalio alikuwa juu ya ngazi, kwenye safu ya tatu, akizamisha kwenye matundu ya zege vikombe vya chuma vya kushikilia vile vyuma vyembamba. Kikombe kikishazama hupigwa kwa pini hadi kitanuke na kung'ata. Alikuwa amevizamisha, bado kuvipiga. Akashuka. Aliporudi, pombe ilikuwa imepanda kichwani, akafunga vyuma akiimba. Asubuhi yake hakukumbuka kama alivipiga au la. Na ukivitazama kutoka chini, kilichong'ata na kisichong'ata ni mapacha.

Alikwisha kumwendea Baldomero, mkandarasi aliyemsimamia Nieves ubatizo. Tangu hapo wawili hao huitana kompadre.

"Kompadre, nipe siku moja niishushe safu ya tatu."

"Ina nini?"

"Nina shaka nayo."

"Umeona ufa?"

"Sijaona."

"Basi nimwambie nini bwana mkubwa? Kwamba fundi wangu ana shaka, au kwamba fundi wangu alikuwa amelewa? Chagua wewe."

Eulalio, ambaye maisha yake yote alijivunia kuwa kazi ya mkono wake haijawahi kurudiwa, alirudi kwenye ngazi yake.

Sasa alikaza taa ya mwisho ya safu ile, akashuka, akakunja ngazi. Juu yake taa zikaanza kuyumba.

"Tetemeko!" alipiga yowe Obdulia.

Walitoka mbio hadi uani kama walivyofundishwa, Eulalio akimburuta Nieves kwa mkono. Langoni, Mama Jacinta alikuwa ameketi na chungu chake cha uji wa mahindi wa kuuza. Mbwa alilala miguuni pake.

"Hee! Mmemwona shetani?"

"Hukusikia tetemeko, mama?"

"Tetemeko gani? Uji wangu umejaa hadi mdomoni, umeona tone lililomwagika?"

Wanawake walicheka, wakasukumana, wakaanza kurudi ndani. "Haya, limepita!" Baldomero alipiga makofi. "Kazini!"

Eulalio alikitazama chungu. Ardhi haikutikisika. Kilichotikisika ni kile alichokining'iniza yeye.

Alipofika mlangoni, Nieves alikuwa amekwisha kuketi na kutandaza shati jeupe. Juu ya shati palikuwa na vumbi la kijivu, kama chumvi kiganjani. Nieves alilipuliza. Likaanguka jingine.

"Nieves, toka! Tokeni wote!"

"Aa, fundi, tetemeko la pili?" Obdulia alinyoosha kidole juu. "Tazama taa. Zimetulia tuli!"

Na kweli zilikuwa zimetulia. Katika mji ule kila mtu huitazama taa kujua kama kuna hatari, na taa zilining'inia kimya kama ziko kanisani.

Eulalio aliirukia swichi kuu, akaivuta. Ukumbi haukuwa na dirisha hata moja, ukawa kaburi. Mayowe yalizuka, viti vikaanguka, wote wakaukimbilia mwanga wa mlango. Alisimama pale akigusa kila bega lililopita, hadi bega moja likasema, "Baba!"

Nyuma yake kitu kilialika, kama kunde inayopasuka ikikaangwa. Kikaalika tena. Kisha safu nzima ikaporomoka juu ya cherehani.

Vumbi liliwafuata hadi uani. Baldomero alimshika Eulalio mkono, akaubana.

"Tetemeko, kompadre," alinong'ona. "Wote walikimbia. Wote ni mashahidi. Umenielewa?"

Nieves alikuwa akikitazama chungu cha Mama Jacinta, kilichojaa hadi mdomoni. Kisha akamtazama baba yake, akangoja.

"Ardhi haikutikisika," Eulalio alisema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Ni mkono wangu. Vile vikombe sikuvipiga."

Baldomero aliuachia mkono kana kwamba umemchoma.

"Ni safu ya tatu tu?" mkandarasi aliuliza. "Nyingine ulizipiga?"

Eulalio alifungua mdomo ajibu. Kutoka gizani, mbali na pale ilipoanguka safu ya tatu, kunde nyingine ikapasuka.